Binti yangu amepata nafasi shule maalumu ya sayansi: tumhamishe au abaki?

Swali

Mama mmoja ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka 14 aliyefaulu mtihani wa kujiunga na shule maalumu ya sayansi. Shule anayosoma sasa ni ya kawaida. Anaongoza darasa, ana marafiki aliokua nao, anaimba kwaya na anaandika hadithi, lakini maabara hufunguliwa kwa nadra na walimu wa fizikia hawakai. Jumamosi hushinda akifungua redio mbovu, na amejifundisha mwenyewe kuandika programu ndogo za kompyuta. Shule mpya iko mbali: ama alale bweni, ama asafiri kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na saa mbili nyingine kila jioni. Baba yake anasema nafasi kama hii haiji mara mbili. Mama anahofia mtoto atapotea katikati ya vipanga. Binti mwenyewe, akiulizwa, hujibu, "Vyovyote mtakavyoamua." Shule inataka jibu ndani ya wiki 3.

Jibu

Mama, nianze na hayo maneno mawili ya binti yako, maana yamenishughulisha kuliko mengine yote uliyoandika. Mtoto anayefungua redio Jumamosi nzima bila kuagizwa na mtu ana la kusema kuhusu sayansi. Akinyamaza, mara nyingi ni kwa sababu ameshajua baba anataka nini na mama anaogopa nini, na anaona kila jibu litamuumiza mmoja wenu. Neno lake ni lazima lipatikane, hata likila wiki nzima kati ya hizo 3 mlizonazo.

Ninachowashauri wazazi ni kubadilishana pande. Baba, ambaye binti anajua anataka aende, ndiye aketi naye amuulize: ukibaki ulipo, ni nini kitakufurahisha? Wewe, ambaye anajua unasita, umuulize: ukienda kule, unatamani kufanya nini? Msikilizeni bila kumjibu hoja. Halafu mwacheni siku kadhaa aandike, kwa kuwa kuandika anakupenda. Vijana wengi wa umri huo husema kweli zaidi kwenye karatasi kuliko mbele ya watu wazima wawili wanaosubiri.

Uzito ninaoupa utashi wake una msingi. Mwaka 2006 mtafiti wa elimu Robert Tai na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya vijana waliokuwa wameulizwa mwaka 1988, wakiwa na umri unaokaribia wa binti yako, wanatarajia kufanya kazi gani watakapofika miaka 30. Waliotarajia kazi ya sayansi walikuwa na uwezekano mara 3.4 zaidi wa kupata shahada ya uhandisi au ya sayansi kama fizikia na kemia, wakilinganishwa na ambao hawakuitarajia. Kuna jambo jingine humo ambalo ningependa baba yake alisikie. Kijana wa wastani katika hisabati, lakini aliyejiona siku moja akiwa mwanasayansi, alikuwa na uwezekano wa asilimia 34 wa kuipata shahada hiyo. Kijana hodari wa hisabati asiyejiona huko alikuwa na asilimia 19. Mtihani aliofaulu binti yako unathibitisha kwamba anaweza. Zile redio zinaonyesha kwamba anajiona humo, na kwangu zina uzito kuushinda mtihani. Shauri langu lote linasimama juu ya hilo: popote mtakapomweka, kile kinachomketisha mbele ya redio mbovu kisife.

Sasa shule. Matokeo yake ni mazuri, sina shaka. Shule inayochagua wanafunzi kwa mtihani mgumu itakuwa na matokeo mazuri hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida tu, kwa sababu imewapokea watoto ambao wangefaulu popote. Ukitaka kujua shule inaongeza nini, itakubidi umlinganishe mtoto aliyeingia na mtoto wa uwezo uleule aliyekosa. Wachumi Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak walifanya hivyo kwa shule za kuchuja za Boston na New York, wakiwaangalia waliovuka alama ya kuingia kwa pointi chache na waliokosa kwa pointi chache. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014, makundi hayo mawili yalikaribia sana kulingana katika mitihani ya baadaye. Mwaka huohuo Will Dobbie na Roland Fryer walikuta hali inayofanana katika shule za New York, hata kwenye suala la kuingia na kumaliza chuo.

Usiyasome hayo kama hukumu dhidi ya shule ya binti yako. Watafiti wale waliwapima watoto waliokuwa kwenye ukingo wa alama ya kuingia, tena waliwapima kwa mitihani. Mtihani hauoni kwamba kijana alirudia jaribio hadi akagundua tatizo lilikuwa waya uliolegea. Na binti yako akibaki, anabaki kwenye shule ambayo maabara yake imefungwa, jambo ambalo takwimu za miji ile hazilijibu. Ninachotaka mkichukue ni kimoja: jina la shule na nafasi yake katika orodha ya matokeo yasiwe sababu. Sababu itafuteni ndani ya madarasa yake.

Niongeze mfano ninaoupenda sana. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1979 ilikwenda kwa watu watatu kwa pamoja. Wawili kati yao, Sheldon Glashow na Steven Weinberg, walisoma pamoja Bronx High School of Science ya New York na kumaliza mwaka 1950. Wa tatu, Abdus Salam, alikulia Jhang, mji ulioko leo nchini Pakistani, akasoma hukohuko kabla ya kwenda Lahore. Basi anayewaambia kwamba mtoto akiikosa shule hii ameikosa sayansi, msimsikilize. Lakini Glashow naye ana neno. Katika maelezo ya maisha yake aliyowaandikia watu wa Nobel, alipofika kwenye shule hiyo aliwakumbuka marafiki zake, jinsi walivyokuwa wakisukumana kujifunza fizikia ndani ya treni. Hicho ndicho ambacho shule maalumu inaweza kukitoa na shule ya kawaida hukitoa kwa shida, yaani wenzao wa rika wanaobishana juu ya mkondo wa umeme bila mtu kuwashangaa. Je, binti yako ana nani wa kumwonyesha redio iliyopona? Inawezekana marafiki aliokua nao wanampenda kwa dhati na bado hakuna hata mmoja anayetaka kujua kapasita ni kitu gani. Huo ni upweke ambao mzazi hauoni kwa urahisi, kwa sababu mtoto huwa na watu siku zote.

Nendeni mkaione shule siku ya masomo, si siku ya wageni. Ombeni binti yako akae darasani kutwa nzima na wanafunzi wa mwaka atakaoingia. Shule ikikataa bila sababu ya kueleweka, mmeshajibiwa sehemu ya swali lenu. Maabarani msishughulike sana na wingi wa darubini. Ombeni kuona madaftari ya majaribio ya wanafunzi. Yakiwa yote yana matokeo yaleyale, yamepangwa kwa mstari uleule, wanafunzi walinakili ubaoni. Yakiwa na namba zinazotofautiana, makosa yaliyokatwa kwa kalamu na maelezo ya kwa nini jaribio halikutoka, hapo pana kazi ya kweli. Ulizeni mwanafunzi huanza lini kufanya uchunguzi wake mwenyewe, nani humsimamia, na mtoto ambaye mradi wake haukufaulu huambiwa nini. Rena Subotnik, Tai yuleyule na wenzao waliwafuatilia wahitimu wa shule za namna hii huko Marekani, na waliofanya utafiti halisi wakiwa bado shuleni ndio walioelekea zaidi kuendelea na sayansi chuoni.

Na ombeni kuzungumza na mwanafunzi asiyeongoza. Uongozi utawaletea kijana bingwa mwenye maneno mazuri. Mshukuruni, kisha mumtafute aliye katikati ya darasa au chini kidogo, mumuulize tu: mara ya mwisho ulipokwama, ulimwendea nani? Akitaja mwalimu au rafiki bila kufikiri, vizuri. Akicheka kidogo na kutazama chini, lichukueni hilo na mliweke moyoni.

Hapo tumefika kwenye hofu yako, Mama, na wala si hofu ya bure. Mwaka 1984 watafiti Herbert Marsh na John Parker walieleza jambo walilolipa jina la samaki mkubwa katika bwawa dogo. Watoto wawili wenye uwezo sawa, mmoja akiwa shule ya kawaida na mwingine akiwa miongoni mwa waliochaguliwa, hawajioni sawa. Yule wa shule ya waliochaguliwa hujiona dhaifu, kwa sababu mtoto hujipima kwa wale aliokaa nao darasani. Mwaka 2003 Marsh na Kit-Tai Hau walilipima jambo hilo katika nchi 26 na kulikuta limeenea. Sasa liunganishe na yale ya Tai. Kinachombeba kijana hadi kwenye sayansi ni kujiona yumo, na kinachotishiwa na shule ya vipanga ni hukohuko kujiona. Mtoto anaweza kwenda kule akajifunza fizikia nyingi kuliko angejifunza nyumbani, halafu akatoka akiamini fizikia si yake. Hasara hiyo haionekani kwenye ripoti ya muhula.

Inazuilika, lakini inataka maandalizi, na maandalizi yanaanza kwa wazazi. Mwambieni mapema, kabla hajafunga begi, kwamba karibu kila mtoto atakayemkuta kule alikuwa wa kwanza alikotoka, na kwamba wengi wao wataacha kuwa wa kwanza ndani ya muhula mmoja, naye huenda akawa mmoja wao. Msikie anavyolipokea. Kisha baba na wewe mkubaliane jambo gumu: kwa muhula wa kwanza na wa pili hakuna atakayemuuliza amekuwa wa ngapi, na jamaa wakiuliza mtawajibu ninyi. Muulizeni amefanya nini maabarani, ni nini hakuelewa, ni nani amecheka naye. Alama zitakuja zenyewe kwenye ripoti. Kitu cha kuangalia akija likizo ni mikono yake: bado anafungua vitu? Bado anaandika programu ambayo hakutumwa na mwalimu? Mtoto aliyeshuka alama lakini bado anachokonoa redio yuko salama. Aliyepanda alama lakini ameacha kila kitu isipokuwa vitini vya mitihani ningemwangalia kwa makini zaidi.

Kwa kuwa ni msichana, tazameni jambo jingine wakati wa kazi za vikundi. Nani anashika vifaa, na nani anaandika ripoti? Nimeona maabara nyingi ambamo wavulana huunganisha mzunguko wa umeme na wasichana hupewa kalamu kwa sababu wana mwandiko mzuri. Mtoto aliyezoea kufungua redio mwenyewe akipewa kalamu kwa miaka miwili, atasahau kwamba mikono yake inajua. Muulizeni mwalimu hugawa vipi zamu. Mwalimu aliyelifikiria atakuwa na jibu tayari.

Kuhusu usafiri sitasema mengi. Saa nne za njiani kila siku hapana. Chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya usingizi kilipendekeza mwaka 2016 saa 8 hadi 10 za usingizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na mwili wa kijana wa umri huu hausinzii mapema hata ukimlaza mapema. Ukitoa usingizi, njia na masomo, zinabaki saa chache za kula, kuoga na kazi za shule, na zile redio hazina nafasi tena. Kama bweni haliwezekani, msimpeleke.

Bweni lenyewe liangalieni kama mzazi, wala hamhitaji mtaalamu: nani analala karibu na watoto, mtoto akiugua usiku anamwita nani, anaongea na nyumbani mara ngapi, taa huzimwa saa ngapi, na je, zikizimwa watoto wanalala kweli au wanasoma kwa tochi chini ya shuka? Hilo la mwisho waulizeni wanafunzi.

Kisha kuna kwaya na hadithi. Usiyaone kama mambo madogo ya kuachwa mlangoni. Andrei Kolmogorov, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alipoanzisha shule ya bweni ya fizikia na hisabati mjini Moscow mwaka 1963, alifundisha humo mwenyewe, na pamoja na hisabati alizungumza na wanafunzi juu ya muziki na fasihi na kwenda nao matembezi marefu ya miguu. Shule ya sayansi inayojua kazi yake haimwogopi mtoto anayeandika hadithi. Ulizeni waziwazi ni masomo gani yasiyo ya sayansi hufundishwa hadi mwaka wa mwisho, na je, binti akibadili nia akiwa na miaka 16, akataka sheria au lugha, cheti chake kitamruhusu? Someni pia kila karatasi kabla ya kusaini. Shule ya sayansi ya taifa ya Ufilipino, kwa mfano, huwataka wanaofadhiliwa kusomea sayansi wakifika chuo kikuu. Kwa baadhi ya watoto sharti la namna hiyo halina uzito wowote. Kwa mtoto mwenye mapenzi mawili ni zito.

Baba anasema nafasi haiji mara mbili. Pengine ni kweli kwa shule hii, lakini hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kulihofia. Shule nyingi za namna hii hupokea wanafunzi katika umri zaidi ya mmoja, na nyingine hazipokei kabisa watoto wa miaka 14. Shule ya sayansi na hisabati ya North Carolina, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1980, ilijengwa kwa ajili ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Huko Uingereza, shule maalumu za hisabati za King's College London na Exeter, zote zilizofunguliwa mwaka 2014, huchukua vijana wa miaka 16. Pigeni simu mkaulize kama mlango hufunguliwa tena baada ya miaka miwili. Likiwa jibu ni ndiyo, uamuzi wenu unapungua ukali, maana swali linakuwa aende sasa au aende akiwa amekomaa zaidi.

Umeniuliza ningefanya nini mimi. Kwa uliyoniandikia, naelekea upande wa kumpeleka, na ninakotoa uzito huo ni kwenye redio na maabara iliyofungwa. Mtoto anayefanya sayansi kwa hiari yake katika shule isiyompa hata meza ya majaribio ana njaa ambayo mapenzi ya nyumbani hayawezi kuishibisha peke yake. Lakini nisingetia saini mpaka mambo mawili yawepo: awe ametamka mwenyewe kwamba anataka, kwa maneno yake na kwa sababu zake, na siku ile ya kukaa darasani iwe imemrudisha akiwa na habari za kusimulia. Akirudi kimya, mngojeni kesho yake. Kimya kikiendelea, abaki.

Na akibaki, msimrudishe kwenye hali ileile. Mwendeeni mwalimu mkuu muombe maabara ifunguliwe hata mara moja kwa wiki baada ya masomo, mzazi mmoja awepo kusaidia kusimamia. Mtafuteni fundi wa vifaa vya umeme au mwanafunzi wa uhandisi anayeweza kukaa naye Jumamosi moja moja. Mwingizeni kwenye mashindano ya hisabati au ya programu yaliyo wazi kwa shule zote, ambako atakutana na wenzake wa aina yake bila kuhama. Kijana akipata hayo katika shule ya kawaida, pengo nililolieleza hapo juu linapungua sana.

Akienda, ongeeni na shule yake ya sasa kabla hajaondoka. Ulizeni kama wanaweza kumshikia nafasi hadi mwisho wa muhula wa kwanza, na jibu lao mliombe kwa maandishi. Kisha mwambieni binti, tena baba ndiye aseme, kwamba nafasi hiyo ipo na kwamba kurudi hakutaitwa kushindwa. Huenda wakakubali wakiombwa mapema, hasa kwa mwanafunzi waliyeridhika naye, kwa hiyo anzeni na ombi hilo wiki hii, kabla hata ya kwenda kuitembelea shule mpya.